Kipande Kilichozikwa Chovai

Niliondoka Ulaya kufuata kipande cha nyama kisichozidi tende moja. Wenzangu kazini waliponiuliza nakwenda likizo wapi nikawajibu Kismayo, wakadhani natania.

Kaka yangu Athumani ni mwashi huko Kismayo. Mwaka uliotangulia alikatwa uvimbe wa saratani pajani, nao ukarudi palepale. Mimi nilitoka kisiwani kwetu Chovai vita vilipoanza, mgongoni mwa mama, nikakulia kambini Kenya. Leo nafanya kazi katika maabara ya hospitali inayojaribu tiba mpya ya uvimbe wa namna hiyo. Tiba yenyewe ni chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe. Zinatolewa kwenye damu yake, zinafundishwa kuitambua alama iliyo juu ya saratani, zinakuzwa mpaka ziwe nyingi, kisha anarudishiwa mwilini. Daktari wetu alikubali kumwita kaka kwa sharti moja: aone kwanza kipande cha uvimbe wake. Kikiwa na alama, aje. Kikikosa, tiba hii si yake.

Jumatatu asubuhi, Nairobi. Kwenye uwanja wa ndege nilikuwa na kisanduku cha barafu, na mkaguzi hakukipenda.

"Mama, umebeba nini humu?"

"Hamna kitu."

"Mtu anasafiri na kisanduku kitupu?"

"Naenda kukijaza."

Akacheka, akaniachia. Laiti angelijua ninachokwenda kutia humo.

Saa sita mchana, Kismayo. Ndege ilishuka juu ya bahari ya kijani kibichi, ikasimama karibu na magunia ya mchanga na vijana wenye bunduki. Nilipokelewa na wifi yangu Mwanaesha, mke wa kaka, akalia, nikalia. Nyumbani nilikuta mkate wa mofa na kahawa, lakini mimi na pupa yangu hata kikombe sikukimaliza.

"Wifi, kile kipande alichokatwa kaka kiko hospitali gani?"

Akanitazama kama niliyepungukiwa na akili. "Hospitali? Tumekizika Chovai, kando ya baba yenu. Walitukabidhi ndani ya chupa, wakasema tukipeleke Mogadishu kikapimwe. Ndia ilikuwa imefungwa, wachu wanapigana. Sasa nyama ya mchu ikae dirishani?"

Nilishikwa na hasira, nikiri. Baadaye hasira ikanigeukia mwenyewe. Kwetu kinachotoka mwilini huzikwa, kuanzia kitovu cha mtoto mpaka jino la mzee, na hilo nalijua tangu utotoni. Simuni niliuliza habari za homa, za usingizi, za chakula. Kipande sikukiuliza hata mara moja, maana maabara imenizoesha kuamini kwamba kila hospitali ina kabati la kuhifadhia vipande.

Kaka aliingia akiegemea fimbo. Amekonda, lakini ulimi haujakonda.

"Wataka kunifukua, dada?"

"Mchangani hakikubaki cha kupimwa. Itabidi ukatwe tena, kidogo tu."

"Kidogo kwa nani?" Mara ya kwanza ganzi ilikwisha kabla ya uzi, na alishonwa huku anaisikia sindano. Akatikisa kichwa. "Nipelekeni kwa baba kwanza. Nikitoka huko nitawajibu."

Jumatano asubuhi, Chovai. Tulikwenda kwa boti ya mashine baada ya askari wa bandarini kusema maji ya upande ule yametulia. Nilikuwa na hamu ya kukiona kisiwa ambacho sikikumbuki. Nyumba nyingi za mawe zimebaki bila mapaa, na kaka alizipita akizikagua kwa jicho la kazi: huu ukuta ungali mzima, ule utaanguka masika. Familia chache zimerejea. Mama mmoja aliyekuwa akipaa samaki mlangoni alimtambua kaka kwa sauti kabla ya kumwona uso, akatuletea mayi ya kunywa.

Kando ya kaburi la baba palikuwa na kichuguu upana wa sahani, kimewekewa jiwe. Kaka alimtolea baba salamu, kisha akakielekezea fimbo kile kidogo. "Na yule ni mimi," akasema, tukacheka mpaka Mwanaesha akatukemea.

Tulipoketi nilimweleza tiba. Nikasema zile chembe ni kama askari wake mwenyewe, wamefundishwa. Uso ukambadilika.

"Askari nimewaona. Waliomuua baba yetu walikuwa wamefundishwa pia. Hawo wako, wamjuaje adui na asiye adui?"

Swali hilohilo nimewasikia maprofesa wakiliuliza kwa maneno mengi zaidi. Nikamwambia ukweli. Mara nyingine alama ile huwepo hata kwenye nyama nzima, na chembe zikaidhuru. Saratani za damu zimezitii zaidi. Uvimbe mgumu kama wake hujificha, na chembe zikifika huzilaza usingizi. Kuna waliopona, kuna ambao uvimbe wao ulinywea kisha ukarudi, kuna ambao haukutikisika.

"Na mimi?"

"Sijui, kaka."

Kaka akachora chora mchangani kwa fimbo.

"Tangu vita vianze," akasema, "kila mchu aliyeya na bunduki alikuwa yuwajua. Wewe ndiwe wa kwanza kunambia hujui." Akanyoosha mkono nimwinue. "Haya. Nikateni."

Alhamisi, Kismayo. Daktari alimchoma ganzi, akangoja, akamgusa, akangoja tena. Kilichotoka kiligawanywa. Nusu niliitia kwenye kisanduku. Mwanaesha alinyoosha mkono wenye kitambaa cheupe, na daktari akamwekea nusu ya pili.

Wiki ya pili, Ulaya. Alama ipo. Nilimpigia kaka huku nalia, naye akaniuliza kama huko kuna baridi.

Safari hii imenifundisha kuuliza kabla ya kufunga mzigo, na kusema sijui pale nisipojua. Hili la pili ni gumu kwa aliyezoea koti jeupe. Kaka amefika, yuko ghorofa ya tatu, analalamikia chakula. Damu yake ilichukuliwa juzi, na chembe zake zimo katika chumba cha kwetu, ndani ya kabati lenye joto la mwili, zinajifunza. Kwa sheria za kazi mimi siruhusiwi kuzigusa, kwa kuwa ni za ndugu yangu. Mwenzangu ndiye anayezilisha. Basi kila asubuhi nasimama nje ya kioo, nazitolea salamu, naziambia ni nani wa kwetu.