Mawe ya Mawinguni Ndani ya Friza

Binti huyu ninayemsimulia sikumzaa. Mume wangu aliniletea mke mwenza. Mke mwenza akachoka, akaenda zake, akaniachia mtoto. Nikamlea, maana mtoto hana kosa. Tangu mdogo alikuwa na maswali. "Mama mkubwa, mawingu yana nini tumboni?" Mimi nisiyekanyaga darasa ningejibu nini?

Leo yuko kituo cha hali ya hewa, kwenye rada. Rada hurusha mawimbi mawinguni, mengine yamelala, mengine yamesimama, kisha husikiliza yanavyorudi. Chembe ya theluji ni bapa kama kisahani, hivyo hurudisha zaidi yale yaliyolala. Jiwe la barafu hubingirika, hurudisha yote karibu sawa. Alinieleza jikoni kwa sahani na kitunguu, nikaelewa!

Mkuu wake hakuelewa, alipoambiwa rada imeona mawe hayo juu ya mji wetu. "Barafu juu ya mji huu wa jasho? Hao ni ndege warukao tu, binti. Niletee ushahidi, la sivyo utafiti wako naufunga."

Jumamosi mchana mbingu ikawa nyeusi. Simu ikalia.

"Mama mkubwa, wingu la hapo kwenu limejaa mawe! Yakianguka yaokote, yasiyeyuke!"

Yakaanguka! Nikavaa sufuria kichwani, nikatoka uani na beseni. Kwa! Kwa! Kwa! Jirani akapaza sauti dirishani, "Shoga, leo unapika kichwa?" Nilicheka hadi nikateleza.

Ndani kuna friza ya mume wangu, ya soda zake za biashara. Mimi nilikatazwa hata kuiegemea. Siku hiyo alikuwa amesahau ufunguo kwenye kitasa. Nikazitoa soda zote, nikamwaga mawe yangu. Mume wangu akatokea mlangoni.

"Wewe mwanamke! Soda zangu zitapata moto!"

"Zipate. Mimi nimeungua humu ndani ujana wangu wote, nani alinitia kwenye friza?"

Mvua haijakatika, binti akamleta mkuu wake, wamelowa chapachapa. Mkuu akapasua jiwe kwa kisu changu cha jikoni. Duara ndani ya duara: jeupe, angavu, jeupe tena. Kila ganda liligandia huko huko juu.

Akalitazama mpaka likaanza kumtiririka kiganjani.

"Yameangukia pale pale uliponionyesha kwenye rada," akamwambia binti. "Endelea na kazi. Kesho nakuja na sanduku la baridi, haya mengine yasitolewe."

Binti akanirukia shingoni, tukazunguka jiko zima tukipiga vigelegele. Mume wangu akaokota soda moja sakafuni, akaipapasa, akaguna.

Friza nikaifunga mwenyewe. Ufunguo nikautia kifuani.