Jogoo Ndani ya Leso

Kesho yake tulikuwa tunaondoka Eldoret kwenda ziwani kufungua boma letu, na jogoo wa kwenda naye alikuwa anakufa mikononi mwangu.

Kwetu mwanamume haingii boma jipya bila jogoo. Alfajiri akiwika, ndipo pale panaitwa nyumbani. Jogoo mwingine ningempata sokoni, lakini huyu alitotolewa na kuku wa mama mkwe wangu, mama wa sauti ya kukwaruza, ambaye sasa hatunaye. Mume wangu hakutaka mwingine. Hakusema. Alinyamaza tu, na mimi kimya chake nakiogopa kuliko ukali.

Asubuhi ile ya baridi jogoo alipiga chafya moja. Mimi ni mwoga wa chafya. Nilimviringishia leso nikakaza fundo, kama nilivyokuwa nikifunga watoto mgongoni. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameachama mdomo, kilemba chekundu cha kichwani kimegeuka zambarau. Nikaogopa, nikazidi kukaza.

Daktari wa mifugo alipofika hakufungua mkoba. Alifungua leso.

"Mama, umemfunga pumzi. Kuku hana ile msuli iko chini ya mapafu yako. Anavuta hewa kwa kusukuma huu mfupa wa kidari nje. Ukiushikilia, hewa itaingia aje?"

"Na mapafu?"

"Mapafu yake haitanuki. Ni mifuko ya hewa ndiyo inasukuma. Akivuta, hewa inaenda mifuko ya nyuma. Akitoa, inapita kwa mapafu. Akivuta tena, inaenda mifuko ya mbele, halafu ndio inatoka. Inapita mapafu ikielekea upande moja tu, hairudi nyuma."

Hewa ile ilihitaji pumzi mbili kumaliza safari, nami nilikuwa nimemnyima hata moja. Nilijichukia. Niliweka kiganja juu ya kidari bila kukandamiza, nikakisikia kikipanda na kushuka.

Tulisafiri naye kwenye kikapu kilicho wazi. Alfajiri ya kwanza bomani, majogoo wa majirani waliwika wote. Wetu akasimama kimya. Mume wangu alimtazama jogoo, mimi nikamtazama mume wangu, na pumzi yangu ikagoma.

Kidari kikainuka. Sauti ikatoka mbovu, ya kukwaruza.

Mume wangu akavua kofia.

"Mama ameamka," akasema.