Kidari na Mboga za Karanga

Karanga zile nilizitwanga kwa hasira, na nadhani ndiyo maana zililainika vizuri. Unazikaanga kavu mpaka maganda yaanze kuachia, unazipepeta, halafu unazitwanga kwenye kinu mpaka zitoe mafuta yake zenyewe. Mnafu, mboga yetu chungu ya huku Uru, unauchemsha na kumwaga maji ya kwanza. Unaunga na vitunguu, karoti na ngogwe, unamimina karanga, unakoroga kwa moto mdogo. Chumvi huweki hata chembe. Hapo ndipo vita yangu na baba ilipoanzia.

Baba alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, mdomo ukapinda, na daktari wa mjini akaniambia wazi kwamba akirudia nyama za mafuta na chumvi, safari ijayo hatutamuuguza, tutamzika. Nikafunga nyumba yangu ya Rau nikapanda kwake kumpikia. Sahani ya kwanza aliirusha ukutani. Ya pili ilinipata begani.

"Mimi si ng'ombe," alisema.

Nikamjibu kwamba ng'ombe wake zizini wana adabu kuliko yeye. Tuliishi hivyo, tukigombana kutwa, naye alikula kwa sababu nilikaa mlangoni mpaka amalize.

Kisha mdogo wake akachinja mbuzi. Kwetu mbuzi akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe, na kidari ni cha baba wa nyumba. Kumnyima ni kumhesabu miongoni mwa wafu. Baba mdogo akaingia jikoni nacho, kimechomwa, kinachuruzika mafuta, panga likiwa mkono wa pili.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema, maana adabu ni adabu. "Kirudishe. Daktari amekataza."

Hakuitikia. "Unamlisha kaka yangu majani ili afe upesi, ubaki na kihamba chake, shamba la mababu zetu."

Akaipiga teke sufuria. Mboga ya asubuhi nzima ikamwagika majivuni. Nilichomoa mchi kinuni nikampiga nao mkono wenye panga, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Panga na kidari vikaanguka. Akanikaba shingo kwa mkono mzima, akanibana ukutani mpaka nikaanza kuona giza. Nikamng'ata kidole. Nilionja damu yake na sikujuta, na sijuti hata leo.

"Mwachie," ilisema sauti ya baba.

Alikuwa amejikokota kutoka chumbani, ameegemea mlango. Baba mdogo akaniachia. Baba akainama taratibu, akaokota kidari kwa mkono wa kushoto. Niliogopa kuliko nilivyoogopa panga. Nilijua atakila mbele yetu sote, ili tuone, kisha afe.

Akaninyooshea mimi.

"Shika. Baba wa nyumba hii sasa ni wewe."

Sijawahi kusikia mwanamke akipewa kidari huku kwetu. Baba mdogo alikaa chini kwenye majivu, mkono wake uliovunjika kifuani, akalia. Nadhani maneno yale yalimuumiza kuliko mchi.

"Nipe hiyo mboga yako," baba akasema.

Nikakomba iliyosalia kwenye sufuria, nikampa. Aliimaliza bila kuinua macho.

Nilitaka baba yangu aishi, na anaishi. Siku hizi ananiomba ruhusa hata ya kutoka nje kuota jua.