Mpiko Uliorithi Jina

Maabara yetu ilikuwa Gongoni, mjini Tabora, vyumba viwili nyuma ya duka la mabati. Tulikuwa na tangi moja la chuma la kukuzia bakteria wanaokaa kwenye mizizi ya karanga na kuirutubisha. Kila mara tulipojaza tangi, tukatia bakteria na molasi ya kuwalisha, kisha tukangoja wazaane, tuliita mpiko. Dada mmoja, muumini wa Kanisa la Moravian, mkubwa kwangu kwa umri, ndiye aliyepika. Mimi nilikaa kwenye kompyuta. Joto, uchachu, hewa na wingi wa bakteria vilitoka kwenye vipimo vya tangi, nami nikavipanga kwenye programu ili kila mpiko uwe na historia yake. Ni kazi isiyo na sifa. Sijasikia mtu ameshuka stesheni ya Tabora akauliza nyumbani kwa mpanga takwimu.

Programu ilitaka kila mpiko uwe na jina. Wafadhili walipendekeza namba, lakini namba hazina utu, tukatumia majina ya mahali ulikotoka udongo tuliochukulia bakteria. Na mpiko ukifa, yaani ukivamiwa na vijidudu vingine tangi likaanza kunuka, uliofuata tuliupa jina lile lile. Aliyeanzisha ni dada.

"Jina la marehemu haliachwi likalala nje," alisema. "Tumrithishe huyu, labda ataamka."

Nilicheka, nikakubali. Mimi mwenyewe nimepewa jina la ndugu yangu aliyefariki akiwa mtoto kabla sijazaliwa. Ningeanzia wapi kukataa? Programu ikauliza kama tuendelee na jina lililopo. Tukabonyeza ndiyo, tena kwa bashasha.

Mpiko wa Kigwa ulikufa, ukarithiwa, ukafa tena, ukarithiwa. Kisha ukaamka. Tuliukausha ukawa unga, tukawapelekea wakulima wa Ziba, wakaupaka kwenye mbegu. Walipong'oa karanga, mizizi ilikuwa imejaa vinundu, dalili kwamba bakteria wamefanya kazi. Kina mama walinishika mikono wakanishukuru kana kwamba nimeleta mvua. Sijawahi kupendwa hivyo na watu nisiowajua, na sitasema uongo, kulinilevya.

Mipiko iliyofuata, ya majina mengine, haikufaa kitu. Ziba wakapanda, majani yakageuka manjano. Wafadhili wakaja, wakakaa kwenye viti vyetu vya plastiki, wakasema kwa upole: rudieni Kigwa. Mkiweza, tunaendelea. Mkishindwa, tunafunga.

Nikafungua historia ya Kigwa kwa furaha ya mjinga. Programu ilikuwa imehesabu muda tangu mpiko kuanza, bila kujali tarehe. Kwa hiyo vipimo vya mipiko yote ya jina hilo, miwili iliyokufa na mmoja uliopona, vililaliana kama nguo za wapangaji kwenye kamba moja. Kwa kila saa kulikuwa na joto hili na lile na lile, bila alama ya kuonyesha lipi la nani. Vipimo vya tangi lenyewe vilikuwa vimeshajifuta kupisha vipya. Niliwaandikia waliotengeneza programu, wakanijibu kwa adabu kwamba vilivyounganishwa havitenganishwi. Maji yakimwagika hayazoleki, nasi haya tuliyamwaga tukiyaombea baraka.

Ikabaki kumbukumbu ya dada.

"Nakumbuka tulipunguza molasi," alisema.

"Kwenye mpiko upi?"

"Kwenye Kigwa."

"Kigwa upi, dada?"

Alinitazama kwa huruma. "Mdogo wangu, Kigwa si Kigwa tu?"

Nilitaka kupiga meza. Nikachukua hatua ya kubahatisha, mara molasi kidogo, mara hewa zaidi, na kila mpiko ukafa. Ule wa mwisho ulipoanza kunuka, dada alifungua bomba akaumwaga, wala hakusema lolote juu ya kurithisha. Hapo nikajua na yeye amekata tamaa. Lori lilikuja kuchukua tangi. Jioni hiyo hiyo mkulima mmoja wa Ziba akanipigia kuuliza unga utafika lini, maana mbegu ameshachambua. Nilimwambia hautafika. Akaniambia pole, jambo ambalo liliniumiza kuliko kama angenitukana.

Nikaenda kijijini Kigwa kwa mama. Nilimkuta uani anabangua karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Nikamweleza kwamba kazi imekwisha. Akatabasamu kunipa moyo.

"Wewe si wa kushindwa. Umesahau ulivyokuwa ukiifukuza treni hapo relini? Unaanguka, unainuka, unacheka."

Hadithi hiyo nimekua nayo. Nilikuwa siijibu. Siku hiyo nikashindwa kunyamaza.

"Mama, yule alikuwa mimi au marehemu?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Alifikiri sana, nami nikaona anatafuta kweli, kama nilivyotafuta mimi kwenye kompyuta.

"Namwona mtoto anakimbia," alisema. "Namwita kwa jina, anageuka. Uso ni wako. Sasa mwanangu, nitawatenganishaje?"

Akarudi kwenye karanga zake. Nikavuta kigoda, nikamsaidia kubangua.

Mimi treni nilikuwa naiogopa. Baba alilijua hilo, alikuwa akiniziba masikio ikipita. Baba naye hayupo.