Nasra na Dunia, Kila Mtu Chumba Chake

Mpaka leo nikimkumbuka yule afisa damu inanichemka. Astaghafirullah, nitasema tu!

Dada yangu Nasra alikuwa mjane, muanika dagaa wa Bangwe, mdomo mkali kuliko pilipili. Mwaka tisini na saba alimpokea Dunia, mkimbizi aliyevuka ziwa kutoka Kongo, akakaa naye nyumba moja. Sheria ilitaka mkimbizi akae kambini, na Dunia hakuwa na kibali cha kuwa mjini. Wakawa wanaanika pamoja. Pale mchangani tuna desturi: mvua ikitaka kunyesha, unakimbilia kwanza dagaa wa jirani yako, naye anakimbilia wako. Ukianza na wako, kesho hupati wa kukusalimia.

Asubuhi moja wakakamatwa wote wawili. Ushahidi kwamba Dunia ni mkimbizi hakuna, ila umbea wa mtu mmoja. Afisa wa uhamiaji akawatenga, kila mtu chumba chake. Akamwambia Nasra, "Mtaje mwenzako uende zako. Ukinyamaza, naye akakutaja, umekwisha." Akatoka, akaenda kumwambia Dunia yale yale.

Mume wangu Luqman, mwalimu wa hisabati, alinichorea mraba baadaye, akaugawa mara nne: wote wanyamaze, wote watajane, huyu ataje yule anyamaze, na kinyume chake. Eti hesabu hiyo wanaitumia wafanyabiashara wanaoshindana bei, hata mataifa yanayoogopana kwa silaha. Kila mmoja akijiangalia mwenyewe, wanatajana, wanaumia wote. Wakinyamaza wote, afisa hana kitu, wanarudi nyumbani.

"Mbona hawa hawakutajana," nikamuuliza, "na bado wameumia?"

Luqman akaugeuza mraba wake huku na huku. Atawaweka wapi mle watu kama wale?

Maana Nasra alisema, "Mimi ndiye niliyemtoa kambini. Yeye hana kosa." Na Dunia, chumba cha pili, akasema, "Nilimdanganya huyu mama kwamba nina kibali. Yeye hana kosa." Kila mmoja alimkimbilia mwenzake! Midomo yao wangeifunga tu, jamani, kufunga tu! Afisa akapata maungamo mawili bila kutoka jasho, akacheka. Wallahi alicheka, nikiwa nimesimama mlangoni. Dunia akapakiwa kwenye lori la kambini siku ile ile. Nasra akafungwa miezi sita.

Nilipokwenda kumwona gerezani nilimkuta amekonda, lakini anatabasamu.

"Si kitu, Mwasiti," akaniambia. "Dunia si yuko nyumbani?"

Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote, nimwambie alivyojiponza bure. Nikasema, "Yupo, dada. Anakusalimia."

Wiki iliyofuata nikapanda gari mpaka kambini. Dunia akanikumbatia, akaniuliza kama Nasra aliachiwa siku ile ile.

"Aliachiwa," nikamwambia.