Maji ya Chumba cha Baridi

Shemeji yangu anasaga ubongo wa panya, na mshahara anapokea. Huyu mke wa kaka yangu ni mtaalamu wa maabara: rojo la ubongo hulitia kwenye maji aliyoyachanganya mwenyewe, huongeza dawa ya mzio, kisha hupima imeshika kiasi gani kwenye vipokezi vya histamini, kemikali inayouamsha ubongo. Ikishika sana, mnywaji atasinzia. Isiposhika, atabaki macho. Sayansi yenyewe ndiyo hiyo, ingawa profesa wake huieleza mpaka wasikilizaji wasinzie bila dawa.

Kaka hupanda nguzo za umeme. Vumbi likimgusa tu anapiga chafya mfululizo, na vidonge vya kuzuia chafya vinamlaza. Msimamizi alimkuta huko juu amejiinamia kwenye mkanda, anakoroma. Akaambiwa akirudia atashushwa stoo moja kwa moja. Kwa mtu anayejiona mfalme akiwa juu ya waya, stoo ni kaburi.

Ndipo shemeji alipoleta habari njema: dawa mpya ya profesa haishiki ubongo hata kidogo. Kaka akakubaliwa kwenye majaribio yake, na kabla hajameza kidonge kimoja akaomba apangiwe laini kubwa, zile nguzo ambazo wenye akili huzitazama wakiwa chini.

Kumbe habari ile haikuwa kweli, na kosa lilikuwa la shemeji. Joto lilipozidi, alihamishia vyombo vyake chumba cha baridi, akadai ni kwa ajili ya usahihi. Usahihi gani! Alikuwa anajipoza. Ukali wa maji, yaani tindikali yake, akaupimia humo humo, kisha akaenda kuyatumia mezani, kwenye joto. Maji yale yakipata joto huzidi tindikali, na kwenye tindikali ile dawa ikashindwa kushika. Ubongo haukuikataa dawa, maji ndiyo yaliyoifukuza.

Aligundua siku chumba cha baridi kilipofungwa akalazimika kupimia mezani. Ukali ukaja tofauti kabisa. Akarudia kazi yote kwa maji yaliyo sawa, na dawa ikang'ang'ania ubongo kama kupe.

Profesa alishakata tiketi ya mkutano wa kuitangaza dawa hiyo. Akamwambia shemeji kwa upole kwamba kila maabara ina maji yake, na kwamba mambo mengine hayahitaji haraka.

"Profesa, mume wangu atapanda nguzo na hicho kidonge tumboni," shemeji alimjibu. "Andika ukweli, au nitauandika mimi."

Profesa akaandika, uso umemshuka. Jioni shemeji akamweleza mumewe. Nilikuwepo, na mimi mjinga nikangoja kusikia asante.

"Si ungenyamaza tu, mke wangu?" kaka akasema. "Laini kubwa walishanipa."

Majaribio yalisimamishwa, msimamizi akamshusha; sasa yuko stoo, anagawa glavu, hasemi na mtu. Shemeji anasema afadhali anune.