Zamu Yangu ya Maji

Siku niliyoondoka Katoro niliwanywesha uji wanangu pacha, Kulwa na Doto, nikawaacha kwa dada yangu, nikapanda bodaboda hadi stendi. Nilikuwa nauza vitenge sokoni, na safari ya kuvifuata niliizoea: Kahama, Rusumo, Kigali, kisha Goma, upande wa Kongo. Huko nilifikia kwa Mama Furaha, mwalimu wa shule ya msingi ambaye pia aliuza vitenge. Mzigo ulikuwa tayari. Nilipanga kurudi Jumamosi.

Ijumaa asubuhi tulisikia milio ya bunduki upande wa milimani. Mama Furaha alisema ni mbali. Ilipofika saa sita haikuwa mbali tena, na mpaka ulikuwa umefungwa.

Majirani wenye nyumba za mbao walihamia kwetu, maana yetu ilikuwa ya mawe. Tukawa watu kumi na mmoja. Mimi mgeni niliona haya kula chakula cha watu, basi nikajitwika kazi zote. Nilipika, nikafua, nikamwogesha bibi mmoja aliyepooza, nikabembeleza watoto wa wenzangu huku nikiwawaza wangu. Mtandao wa simu haukushika. Siku ya sita nilimwaga sufuria ya maharage, chakula pekee tulichokuwa nacho, kwa sababu usiku sikuwa nalala, nikasinzia nimesimama. Nikakaa chini nikiokota punje moja moja kwenye vumbi, nalia.

Mama Furaha hakunigombeza. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanipa kikombe cha maji ninawe uso. Akaniuliza nimesoma hadi darasa la ngapi. Nikamwambia la pili, na kwamba naweza kuandika jina langu tu. Akaniletea kitabu cha wanafunzi wake. Nilimuuliza itakuwaje nikae kusoma silabi wakati huko nje watu wanakufa.

"Na wewe pia uko muntu, Mama Kulwa," alisema. "Ukianguka, nani atamubeba huyu bibi?"

Tangu siku hiyo, kila mchana nilipewa muda wangu nyuma ya nyumba, na mtu yeyote alikatazwa kuniita. Mwanzoni nilijiona mwizi. Siku ya tatu ya masomo hayo nikasoma sentensi nzima, ya mbuzi aliyekula shati, nikacheka, na kicheko changu mwenyewe kikanishtua. Nikaanza kupata usingizi. Hata yule bibi aliniambia siku hizi simsugui kama sufuria.

Kisha maji yakakatika. Bomba lililokuwa bado linatoa lilikuwa ng'ambo ya barabara, tukapangiana zamu. Siku ya kumi na nne zamu ilikuwa yangu. Milio ilikuwa imetulia tangu alfajiri. Nilikuwa katikati ya ukurasa, nikaanza kuinuka.

"Maliza kwanza ukurasa," Mama Furaha alisema. "Nitaenda miye."

Nikakaa.

Nikaendelea kusoma.

Risasi zilikuwa nne. Au tano.

Nilikimbilia mlangoni, wanaume wawili wakanishika. Tulimfikia alasiri. Alikuwa amelala kifudifudi kando ya barabara, kabla hajafika bombani. Nilimwosha mimi. Tulimzika uani, maana makaburini hakukufikika.

Mpaka ulifunguliwa siku nne baadaye, nikarudi Katoro mikono mitupu. Doto alinikimbilia. Kulwa alijificha nyuma ya mama yake mkubwa.

Karibu mwaka mzima sikugusa kitabu. Nilifungua kibanda kabla ya wenzangu na kufunga baada yao, nikila nimesimama. Dada aliniambia najiua polepole. Nilikuwa nimemsimulia juu ya risasi, lakini sikumwambia zamu ilikuwa ya nani.

Ndipo Furaha, mtoto wa marehemu, akanipigia simu. Wakati wa vita alikuwa akisoma Bukavu, na alitaka kujua mama yake alikufaje. Nilimweleza yote, na zamu nikaitaja.

"Ule ukurasa uliumaliza?" aliuliza.

Nikamwambia hapana.

Hakuniambia kwamba sina kosa. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa na tabia ya kwenda badala ya watu, na kwamba jambo hilo lilimuudhi yeye, Furaha, tangu utotoni. Kisha akanitakia heri, tukaagana. Hajapiga tena.

Wiki iliyofuata nilijiandikisha kwenye darasa la watu wazima. Mara tatu kwa wiki, alasiri, jirani ananiangalizia kibanda nami nakwenda kukaa kwenye dawati. Siku za kwanza nilitoka nje kila niliposikia pikipiki ikipiga mlio kama wa risasi. Mwalimu aliniacha nitoke, nirudi. Siku hizi nasoma gazeti, na ripoti za shule za wanangu nazisoma mwenyewe.

Najua kusoma, na aliyenifundisha alikufa kwenye zamu yangu. Nimeacha kutafuta namna ya kulifanya jambo moja lilipie jingine.